Nataka kuwa daktari wa uswahilini, nisikilizeni kabla hamjaniambia niende kijijini

MjukuuWaMaandazi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Niko mwaka wa nne wa udaktari hapa Dar. Ukitoka wa tano unabaki mwaka wa mafunzo kwa vitendo wodini, halafu Mungu akijalia napata leseni. Kila nikikaa na watu swali huwa moja: utabaki mjini au utakubali kwenda mkoani? Nikijibu kwamba nataka kubaki Dar, sura zinabadilika. Wanaona nimeshachagua kiyoyozi. Nikifafanua kwamba Dar ninayoisema ni Vingunguti, Buguruni kwa Mnyamani, Tandale kwa Mtogole na Mbagala ya ndani huko bodaboda zinakogeuzia, wanadhani natania. Sitanii, na leo nimeamua kueleza yote.

Nimekulia Vingunguti, nyumba za bondeni kuelekea mto Msimbazi. Aliyenilea ni bibi mzaa mama. Alikuwa anauza maandazi na chai ya rangi jirani na machinjio. Saa 8 usiku yuko macho anakanda unga, saa 10 jiko limewaka, saa 11 alfajiri wachinjaji na wabeba nyama wanaanza kunywa chai. Anamaliza saa 4 asubuhi, anahesabu hela, anatenga ya unga wa kesho, kinachobaki ndicho tunachokula.

Presha aligundulika nayo nikiwa kidato cha kwanza. Kliniki yake ilikuwa kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, namba zinatolewa saa 1 asubuhi, ukifika saa 4 zimekwisha. Fanyeni hesabu wenyewe. Akienda kliniki, siku hiyo hakuna biashara, na unga wa kesho hauna hela. Akienda kwenye biashara, hakuna dawa. Mara ya kwanza alikwenda. Mara ya pili alikwenda. Baadaye vidonge vya mwezi mmoja akavigeuza vya miezi miwili, anameza siku kichwa kinapomgonga. Presha kwa kawaida haiumi, na hapo ndipo inapomaliza watu, maana alikuwa anajiona mzima.

Nikiwa kidato cha tatu alianguka alfajiri, unga ukiwa bado mikononi. Majirani wakasema ni upepo mbaya, wakamleta mtu wa kumsomea. Siwalaumu. Wao walifika saa ile ile na hawakumwambia achukue namba. Hospitali tulifika mchana. Daktari alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukesha, akaangalia kadi akamuuliza kwa sauti ya juu: "Mama, kwa nini humezi dawa?"

Mdomo wa bibi ulishapinda. Akageuza macho kunitazama nimjibie. Jibu nilikuwa nalo lote, tangu saa 8 ya usiku mpaka saa 4 ya asubuhi, ila halikutoka. Aliishi miezi saba baada ya hapo.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kilichonipeleka kusomea udaktari, siwezi kumwambia kwamba nilitaka kuponya watu. Kuponya sikukufikiria. Nilitaka awepo walau daktari mmoja anayezijua saa za watu wa kwetu.

Nilipofika chuo ndipo nikajua bibi hakuwa peke yake. Kilichomwangusha kilikuwa kiharusi, na presha isiyotibiwa ndiyo hukileta. Kuna utafiti wa kiharusi uliofanyika kati ya 2003 na 2006, ukalinganisha sehemu ya Dar es Salaam na wilaya ya Hai kule Kilimanjaro. Ukishasawazisha tofauti za umri, Hai walipata wagonjwa wapya kama 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Dar walipata 316. Karibu mara tatu! Na Dar ndiko ziliko hospitali kubwa. Siku niliyousoma nilifunga kompyuta nikatoka nje nikakaa.

Hayo ni ya presha peke yake. Mliokaa bondeni mnajua kutapisha choo. Shimo limejaa, gari la maji taka halipiti uchochoroni, basi mvua ikianza kushuka mtu anatoboa shimo lake uchafu uende na maji. Anayekaa chini yake anaupokea mlangoni. Agosti 2015 kipindupindu kilipolipuka kikianzia Kinondoni, sisi tulikuwa tunaambiwa tunawe mikono. Tulikuwa tunanawa. Maji yenyewe yalikuwa ya kununua kwa ndoo, na kisima kiko hatua chache kutoka chooni.

Sasa naomba mniambie kwa uwazi. Je, nimepotea? Wapo waliofanya kazi ya afya kwenye mitaa hii miaka mingi bila moyo kuzimika? Maneno makali nitayapokea.

MwanaMpanda

Pole kwa bibi, mkuu. Nimesoma mpaka mwisho na nimeumia. Lakini acha nikwambie la kwetu.

Dada yangu alishikwa uchungu usiku tukiwa zaidi ya kilomita 60 kutoka hospitali yenye chumba cha upasuaji. Tulimpakia kwenye pikipiki katikati, mmoja mbele mmoja nyuma, masika, barabara imekuwa tope. Mtoto hakufika. Ninyi Dar Amana ikijaa mnakwenda Temeke, Temeke ikijaa mnakwenda Mwananyamala, na Muhimbili ipo pale. Madaktari wengi wa nchi hii wamerundikana huko huko. Kijana umesomeshwa kwa mkopo unaotoka kwenye kodi zetu sote, halafu unasema utabaki Dar kwa sababu nayo ina shida? Shida ya foleni si sawa na shida ya kukosa.

Sikukatishi tamaa. Nataka ulibebe na hili unapoamua.

MjukuuWaMaandazi

Kaka, pole sana kwa mtoto na kwa dada. Sina hoja ya kuyashinda hayo na sitaki kuitafuta. Nikipangiwa Mpanda nitakwenda, na nitakwenda nikikumbuka pikipiki hiyo.

Ninachokataa ni kimoja tu, kwamba mtu wa mjini amehudumiwa kwa kuwa paa la hospitali analiona. Wewe kizuizi chako ni kilomita na tope, kila mtu anakiona kwenye ramani. Cha bibi kilikuwa saa na unga wa kesho, na hicho hakuna ramani inayokichora. Ndiyo maana akaulizwa kwa nini hamezi dawa. Dada yako, natumaini, hakuna aliyemuuliza kwa nini anakaa mbali.

JiraniWaMathare

Salamu kutoka Nairobi. Ndugu wa Mpanda, pole sana. Niongeze tu hesabu za huku, kwa sababu nasi tulibishana hivyo hivyo miaka mingi.

Mwaka wa 2000 watafiti wa APHRC, kituo cha utafiti wa afya na idadi ya watu kilichoko hapa Nairobi, walienda mitaa ya mabanda ya Nairobi wakahesabu vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano. Kila mtu alitarajia mtoto wa mjini awe na nafuu. Wakapata vifo 151 kwa kila watoto 1,000. Mashambani ilikuwa 113. Nairobi yote ikijumlishwa ilikuwa 62. Yaani ukitazama jiji zima unaona 62 unafurahi, na ndani yake kuna mtaa ambao mtoto ana hatari kuliko wa kijijini kabisa. Watoto wa mitaa yenye lami walikuwa wanawaficha watoto wa mabanda bila kujua.

Mimi nimezaliwa Mathare, mmoja wa mitaa hiyo ya mabanda. Hospitali kubwa ilikuwa mwendo wa miguu. Mama alitupeleka tukizidiwa tu, kwa sababu siku ya hospitali ni siku bila kibarua cha kufua. Huyu kijana anajua anachosema.

DktWaZamani

Mdogo wangu, mimi nilimaliza 2009. Niliyasema hayo hayo, kwa moto huo huo. Nakuandikia ninayotamani ningeambiwa.

Kwanza, huchagui. Ajira za serikali ukiomba unapangiwa. Unaweza kuota Vingunguti ukapelekwa Nkasi kule Rukwa, na rafiki yako aliyeota Oysterbay akapangiwa Tandale, akakaa miezi mitatu akihangaikia uhamisho. Pili, zahanati nyingi hazina nafasi ya daktari mwenye shahada. Zinaendeshwa na matabibu wa stashahada na wauguzi, nawe utavutwa kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, wagonjwa wa mitaa yako watakufikia wakiwa wameshaharibika.

Tatu ndilo zito. Nilipoanza, nilikaa na kila mgonjwa nikamsikiliza. Nje wamekaa 80. Wa mwisho alikuwa anafika kwangu saa 10 jioni hajala tangu jana, na mara mbili nilikuta aliyepaswa kuingia wa kwanza amezidiwa kwenye benchi. Kufikia mwaka wa tatu nami nilikuwa nauliza kwa sauti ya juu kwa nini humezi dawa. Nimesoma andiko lako nikamwona daktari yule mwenye macho mekundu, na nimejiona mimi. Sikulala vizuri jana.

Sasa niko kwenye mradi wa utafiti, nalipwa vizuri. Sikukimbia kwa sababu ya fedha peke yake. Nilikimbia kwa sababu nilikuwa naanza kuwachukia wagonjwa kwa kuwa wengi.

Moyo wako ni wa kweli. Ila moyo hautoshi kwa benchi la watu 80. Tafuta kitu cha kushika zaidi ya moyo.

SistaWaZahanati

Dokta, asante kwa ukweli huo. Wengi wenu mnaondoka bila kutuaga na sisi tunabaki tukijiuliza tumewakosea nini.

Mimi ni muuguzi, mwaka wa 19 sasa, miaka yote nimefanyia zahanati za Temeke. Mwanangu wa maandazi, nikupe cha kushika.

Cha kwanza, huwahudumii watu peke yako. Kifua kikuu huku kwetu kimewasumbua watu miaka na miaka, vyumba havina dirisha, wanalala sita. Waliotusaidia kuwapata wanaokohoa ni waliowahi kuugua wenyewe. Kuna kikundi kinaitwa MUKIKUTE, Mapambano ya Kifua Kikuu na UKIMWI Temeke. Mtu aliyemeza dozi miezi yote akapona, ndiye anakwenda kwa jirani anamwambia, kaka, kikohozi hicho nilikuwa nacho, twende ukapime. Nikienda mimi na sare yangu mlango unafungwa. Hata makohozi yanayokutwa safi kwenye hadubini yamekuwa yakipelekwa kunuswa tena na panya buku wanaofundishwa Morogoro na shirika la APOPO, na wapo wagonjwa waliopatikana kwa pua za panya baada ya sisi kuwaambia hawana kitu. Nakutajia hilo ujue kwamba kazi hii ina mikono mingi, na mingine hutaitarajia.

Cha pili, saa. Umeandika kuhusu saa nikasimama nikapiga makofi peke yangu jikoni. Tulikuwa na akina mama wa presha wanaotoroka kliniki. Tulikuwa tunawaita watoro, neno hilo hilo, tunaliandika kwenye rejista. Mhudumu wetu wa ngazi ya jamii, mama mwenye darasa la saba, akatuambia, "Hawa si watoro, hawa ni wauza samaki. Samaki hawamsubiri mtu." Tukakubaliana kwamba anayejulikana presha yake imetulia achukue vidonge jioni, dirishani, bila foleni, na mhudumu ampime nyumbani. Hatukuomba fedha kwa mtu. Tuligeuza ratiba ya dirisha moja. Hawakurudi wote, na dawa zikiisha bohari hata ratiba haisaidii. Ila waliorudi nawajua kwa majina.

Cha tatu, usije kwetu na huruma usoni. Watu wa Mbagala wanaiona huruma kabla hujashuka kwenye daladala.

NilikuwaTeja

Sijawahi kuchangia uzi humu, nasoma tu. Leo naandika.

Nilitumia unga, yaani heroini, miaka 11, Kinondoni. Nimelala makaburini, nimeiba, nimepigwa na wananchi mpaka nikaachwa nikidhaniwa nimekufa. Kuna kituo kimoja walinishona jeraha bila ganzi, aliyenishona akasema teja hasikii maumivu. Nilisikia yote.

Mwaka 2011 ilifunguliwa kliniki ya kwanza ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu aache heroini, Muhimbili, baadaye zikafuata nyingine. Nilichelewa kujiunga kwa sababu sikuamini. Nilipojiunga, nilikuwa nakwenda kila siku, napewa dawa yangu dirishani, nakunywa mbele yao. Kila siku maana yake ni Iddi na Krismasi na siku ya mafuriko.

Nesi wa dirishani wiki ya kwanza alinisalimia kwa jina langu la kuzaliwa, lile aliloniita mama. Mtaani nilikuwa na jina jingine, siliandiki hapa. Nilikwenda kesho yake nione kama atalikumbuka. Akalikumbuka. Nikaenda na keshokutwa. Dawa ilifanya kazi yake mwilini, sikatai, lakini zile siku za mwanzo zilizokuwa ngumu nilikuwa nakwenda kuitwa jina.

Daktari mtarajiwa, hayo ndiyo niliyo nayo. Sasa nauza viatu vya mtumba na mwanangu yuko darasa la pili.

MzeeUpanga

Vijana, nimestaafu udaktari. Naandika polepole, macho hayana nguvu, nivumilieni.

Mnalitumia neno uswahilini kama vile lilitoka kwa Mungu. Halikutoka kwa Mungu. Wajerumani, na Waingereza baada yao, waliligawa jiji hili kwa kanuni za ujenzi, uzunguni baharini, uhindini katikati, uswahilini nyuma. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kati ya uhindini na Kariakoo, na moja ya sababu zilizotajwa ilikuwa afya, maradhi ya Waafrika yasivuke. Kwa hiyo taaluma yetu ilishiriki kuuchora mpaka huo. Hata hospitali zilikwenda hivyo. Ocean Road ilijengwa 1897 kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walikuwa na ile iliyotokana na fedha za tajiri Sewa Haji Paroo. Jina lake bado liko kwenye jengo la wodi Muhimbili, na wanafunzi wanapita chini yake kila siku bila kuuliza alikuwa nani.

Chuo cha kwanza cha madaktari nchini kilianza hapo 1963. Baada ya Azimio la Arusha, 1967, tuliambiwa twende vijijini, na ilikuwa haki, maana Watanzania karibu wote walikuwa huko. Nilikwenda. Sijutii siku hata moja. Lakini jiji lilikuwa linakua nyuma ya migongo yetu. Sensa ya 2022 imewakuta watu 5,383,728 Dar es Salaam, na wengi wamejenga pale ambapo hakuna aliyewapimia. Sisi wazee tulibaki na picha ya zamani kwamba maskini ni wa kijijini na mtu wa mjini ana ahueni.

Mwanangu wa Mpanda, hujakosea. Na huyu mjukuu wa maandazi hajakosea. Msigombanie daktari mmoja.

MwanaMpanda

Shikamoo mzee. Nimekuelewa. Mkuu mwanzisha uzi, nimerudi kusoma jibu lako mara ya tatu. Kweli, hakuna aliyemuuliza dada kwa nini anakaa mbali. Sikuwahi kulifikiria hilo.

MjukuuWaMaandazi

Mzee wangu, shikamoo. Nimepita chini ya jina la Sewa Haji miaka minne. Kesho nitasimama.

Dkt, nimekaa na maneno yako siku mbili. Daktari yule wa bibi nilikuwa nimemweka moyoni kama adui. Sikuwahi kujiuliza nje walikuwa wamekaa wangapi. Nakushukuru kwa kunitoa huko, na nakuomba usijihukumu zaidi ya hapo.

Tangu wiki iliyopita nimeanza jambo dogo wodini. Nikichukua historia ya mgonjwa, baada ya kumuuliza kinachomsumbua, namuuliza anaamka saa ngapi na anafanya nini mpaka analala. Inachukua dakika mbili hivi. Jana mzee mmoja wa kisukari, mlinzi wa usiku, kumbe anaambiwa achome insulini asubuhi kabla ya chai na jioni kabla ya chakula, na yeye asubuhi ndiyo analala. Alikuwa anachoma, analala bila kula, sukari inashuka, anaokotwa. Amelazwa mara tatu mwaka huu. Nilimwambia mkubwa wangu wa wodi, akavuta kiti akakaa, wakapanga saa upya yeye na mzee.

Sista, naomba kuja. Siombi cheti wala barua.

SistaWaZahanati

Njoo Jumamosi saa 11 jioni. Koti jeupe liache chuoni. Vaa viatu vya kutembelea kwenye maji, huku kumenyesha. Utatembea na yule mama wa darasa la saba, yeye ndiye anaongoza, wewe unabeba mashine ya presha.

MjukuuWaMaandazi

Nimerudi sasa hivi, saa 4 usiku. Tumepita nyumba 14. Mama alikuwa anabisha hodi, anauliza habari za mtoto aliyeumwa wiki jana, za mume aliyesafiri, za kesi ya kiwanja, na katikati ya hayo mkono wa mtu unakuwa umeshafungwa mpira. Mimi nilikuwa nasoma namba tu.

Nyumba ya 11 kuna dada wa miaka kama 40, anauza vitumbua. Presha 190 kwa 120. Hajisikii chochote. Nilifungua mdomo kumuuliza kuhusu dawa, mama akanigusa bega, akamuuliza yeye: "Mchele unaloweka saa ngapi siku hizi?"

Akasema saa 2 usiku, na kusaga ni saa 9. Wakapanga hapo hapo, tukiwa tumesimama mlangoni, kwamba kesho zahanati inamwanzishia dawa, na kuanzia hapo atakuwa anameza akishaloweka mchele. Nimeandika kwenye daftari, nami Jumamosi ijayo nitapita kwake.